Herufi za Mzee wa Darasa

"Nafsi yako i hali gani?"

Nilikuwa na miaka kumi, nimetumwa maziwa dukani, na aliyeniuliza alikuwa ameinama juu ya jiwe la kunolea visu, cheche zikimrukia mikononi. Ningeulizwa niaje, ningejua la kusema. Ningeulizwa sasa, au mambo, ningejibu bila hata kusimama. Lakini hili la nafsi lilinikuta sina kitu isipokuwa paketi ya maziwa. Nikasema, "Iko poa."

Akaacha kukanyaga pedali. Akanitazama juu ya miwani. "Hiyo ni hali ya soda," akasema. "Mimi nimeuliza nafsi." Kisha akarudi kwenye kisu chake, kana kwamba mazungumzo hayajaisha, tumeyaahirisha tu.

Watu wazima wa Shauri Moyo walimwita Mzee wa Darasa. Sisi watoto tulimwita Mzee Daro, kwa kuwa kwa Sheng, lugha ya mitaa ya Nairobi, darasa ni daro, na hatukuona sababu ya kumwachia mtu jina refu hivyo. Hakuwa mwalimu wa shule. Katika kanisa letu la Kimethodisti kila muumini hutiwa katika kikundi kidogo cha watu kumi au kumi na wawili, na kikundi hicho ndicho darasa. Hukutana mara moja kwa wiki. Kiongozi wake hafundishi. Kazi yake ni kumuuliza kila mtu lile swali la nafsi, kusikiliza jibu, na kutia alama katika daftari. Yeye alikuwa ameianza kazi hiyo kabla mama yangu hajaolewa, na aliifanya mpaka macho yalipomkatalia.

Alizaliwa wapi, na watu wake ni akina nani, sitaeleza, maana mwenyewe hakueleza. Mtaa wetu una watu wa kila upande, wa magharibi, wa kati na wa pwani, na kila upande ulidai kwamba Mzee ni wao ila anaficha. Ukimuuliza alizaliwa wapi alikujibu, "Karakana ya reli," mahali alipofanya kazi mpaka akastaafu. Huko ndiko alikojifunza kunoa. Walipomuaga kazini, alinunua fremu ya baiskeli, akafunga jiwe la kunolea mahali pa gurudumu la mbele, akaanza maisha ya pili.

Maisha hayo aliyaita mzunguko. Jumatatu alikuwa Gikomba kwa mafundi wa cherehani, Jumatano Kiamaiko kwa wachinja mbuzi, Ijumaa Kariobangi kwenye vibanda vya mafundi wa jua kali. Jumamosi ilikuwa ya darasa. Alinoa na kuuliza, akanoa na kuuliza, na hakubagua dini.

Siku moja Mama alinituma Kiamaiko kununua matumbo, nikamkuta amezungukwa na wachinjaji waliovaa mabuti ya mpira. Jitu moja lenye sauti kama tarumbeta lilimpa kisu na kusema, "Mzee, leo unauliza nafsi yangu ama ya huyu mbuzi?"

"Ya mbuzi nimechelewa," akasema. "Yako bado ina nafasi."

Wote wakacheka. Yule mchinjaji hakukubali kushindwa. "Mimi ni Mwislamu, Mzee. Nakukumbusha kila Jumatano."

"Na mimi kila Jumatano nakwambia sikuulizi unaswali wapi. Nakuuliza unaendeleaje."

Jitu likatazama kulia na kushoto, likainama. Sauti ikashuka hata nikalazimika kutega sikio. "Si vizuri sana, Mzee. Kijana wangu ametoka nyumbani, hatuongei. Huu mwezi wa pili."

Nilingoja ushauri. Hakuutoa. Alikinoa kile kisu polepole, muda mrefu kuliko kilivyohitaji, akakipima makali kwa kucha ya kidole gumba, akakirudisha. "Jumatano nitauliza tena," akasema. Nilikwenda zangu na matumbo nikiamini kwamba mzee wa watu ameishiwa maneno.

Gikomba ndiko alikompata Fundi, mama mshonaji wa sare za shule, mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Hadithi hii Fundi mwenyewe hupenda kuisimulia. Alipoulizwa mara ya kwanza alijibu, "Nafsi yangu ni kama huo mkasi ninaokupa. Inatafuna badala ya kukata." Mzee akamwambia mkasi atauchukua jioni hiyo, nafsi ailete darasani Jumamosi. Fundi alikwenda ili amtukane mbele ya watu wake, kama asemavyo mwenyewe, na hajaacha kwenda mpaka leo.

Darasa lilikutana saa tisa nyumbani kwake, katika chumba kimoja cha nyumba za zamani za baraza la jiji. Wazee walikaa kwenye viti, akina mama kitandani, sisi watoto kwenye mkeka. Sheria zilikuwa chache. Kila mtu atajibu swali kwa zamu. Hakuna atakayejibu jibu la mwenzake, hata kwa kuguna. Kuimba ni wimbo mmoja mwanzoni na mmoja mwishoni, na hapo ndipo palipokuwa na mtihani, maana Mzee alipenda kuimba kuliko kitu chochote duniani na hakuwa na sauti hata moja iliyo sawa. Kwaya ya kanisa iliwahi kumtuma mjumbe kumwomba awe anapiga makofi tu. Alishukuru sana, akapiga makofi, na akaendelea kuimba.

Ukutani, juu ya kitanda, palikuwa na picha.

Ilikuwa nakala ya nakala, imefifia kama chai ya tatu ya majani yale yale. Mzungu mwenye ndevu ndefu na mabuti amesimama kando ya meza ndogo, mkono mmoja juu ya daftari lililofunguliwa. Nyuma yake, chini ya paa la makuti, wameketi watu kumi na mmoja ambao picha haiwataji. Huyo ndiye mchungaji wa Kimethodisti aliyekuja pwani katika karne ya kumi na tisa na kuanzisha madarasa ya kwanza. Mzee alimwita Mchungaji wa Kale. Alimzungumzia kama jirani aliyehama juzi. Mchungaji wa Kale alichukia kunguni. Mchungaji wa Kale alivuka mto akapoteza buti moja, akahubiri wiki nzima na buti moja kwa sababu jozi nyingine ilikuwa njiani baharini. Mchungaji wa Kale aliita njia zake za miguu, kijiji hadi kijiji, mzunguko. Sisi watoto tulimjua huyo mtu kuliko tulivyowajua wajomba zetu.

Hadithi aliyoipenda zaidi ilikuwa ya daftari. Mchungaji wa Kale alipokwenda kijiji cha kwanza na kuanza kuandika majina, watu walikimbia. Nyakati zile mtu akikuandika, hujui utaamkia wapi. Biashara ya watumwa ilikuwa haijapoa. Basi Mchungaji akaliweka daftari mezani, penseli juu yake, akatoka nje. Akasema kwa Kiswahili chake kibovu: anayeogopa, aingie afute jina lake mwenyewe. Watu waliingia mmoja mmoja, wakaliangalia, wakatoka. Hakuna aliyefuta. "Picha hii ni ya siku hiyo," Mzee alisema. Kisha aliongeza, kila mara, "Mtazameni vizuri. Yeye ndiye mgeni hapo."

Daftari letu lilinakiliwa kutoka daftari jingine, nalo kutoka jingine, hadi lile la mezani. Watu waliokuja Nairobi kufanya kazi reli na baraza la jiji waliyabeba madaftari hayo katika masanduku yao, pamoja na alama zake. Aliyehudhuria hutiwa nukta. Asiyehudhuria huandikiwa herufi: M ni mgonjwa, S yuko safarini, U ni uzembe. Ukipata U miezi sita mfululizo, mstari unapigwa juu ya jina lako na wewe si wa darasa tena. Huwezi kufungishwa ndoa, huwezi kumsimamia mtoto katika ubatizo.

Herufi ya nne ni K, kazini, na hiyo ina hadithi yake. Mwaka wa kwanza, mvua za kupanda ziliponyesha, darasa zima lilitoweka. Mchungaji wa Kale, aliyetoka kwenye mji wa viwanda ambako chakula kilinunuliwa dukani, hakujua msimu ni nini. Aliandika U, U, U, mpaka penseli ikaisha ncha. Miezi ilipotimia akawakata wote kumi na mmoja. Akabaki na kanisa, kengele na yeye mwenyewe. Wakati wa mavuno bibi mmoja alimjia na kikapu cha mahindi kichwani, akakitua juu ya lile daftari, akasema, "Bwana, huu ndio uzembe wetu. Kula." Mchungaji alikula. Kisha akawarudisha wote, na akaongeza herufi.

Tulicheka kila mara kwenye "Kula." Mzee alikuwa anajua mahali pa kunyamaza.

Lakini msidhani alikuwa mtu wa kulegeza kamba. Alimpiga mstari shemeji yake mwenyewe, na sikukuu wakala pamoja bila kulitaja. Alimpiga mstari mzee wa kanisa mwenye gari. Jumamosi moja alilala usingizi mchana, darasa likamkuta bado yuko kitandani. Watu wakaimba wimbo wa kwanza juu ya blanketi. Alipoamka alivaa miwani, akafungua daftari, akatafuta jina lake, akaandika U. Fundi akapiga kelele, "Mzee, si ulikuwa na homa wiki hii? Andika M!"

"Homa ilikwisha Alhamisi," akasema. "Leo nililala."

Alikuwa na mengine yasiyolingana. Hakuwahi kuonja pombe, na aliisema vibaya, lakini alitia vijiko sita vya sukari katika kikombe kimoja na kukiita chai. Alikemea umbea, na hapakuwa na jambo mtaani asilolijua. Alisema mpira ni kelele tupu, lakini siku za mechi kubwa darasa liliisha mapema kwa sababu ambayo hakuitaja. Kanisa lilipoanzisha kundi la darasa kwenye simu alilikataa. "Simu inaleta jibu," alisema, "haileti uso." Wiki mbili baadaye Fundi alimfumania amejificha nyuma ya jiwe lake akisikiliza ujumbe wa sauti wa yule mchinjaji wa Kiamaiko. Kijana alikuwa amerudi nyumbani.

Nilipoingia chuo kikuu niliacha darasa.

Sikugombana na mtu. Nilisoma historia, na historia ilinifundisha kuuliza nani ameandika, kwa faida ya nani, na nani hakuandikwa. Muhula wa tatu sikuweza tena kukaa kwenye mkeka chini ya picha ya Mzungu mwenye daftari bila kusikia kichwa kinanguruma. Chuo hakikuwa mbali, nilirudi nyumbani kila Ijumaa. Jumamosi saa tisa nilijifanya nina usingizi, halafu nikaacha kujifanya.

Mama aliona aibu badala yangu. Mama ni mtu wa darasa tangu alipofika Nairobi, na kwake jina langu katika daftari lilikuwa kama mlango wa nyumba ambao hapendi ufungwe nikiwa nje. Mwezi wa pili wa kukosa kwangu alivaa leso yake nzuri akaenda kumbembeleza Mzee, nami nikamfuata nyuma nikimwambia aache.

"Mzee, huyu mtoto anasoma," Mama akasema. "Mwandikie S. Yuko safarini."

"Mama, binti yako hayuko safarini. Jana nimemwona hapo kona anakula mutura."

"Basi mwandikie M."

"Alikula mbili."

Nilicheka, na Mama akanifinya mkono. "Umemwandikia nini basi, Mzee?"

"Daftari halisomwi nje ya darasa," akasema. Akanigeukia mimi. "Wewe, nafsi yako i hali gani?"

"Sina hakika kama ipo," nikasema. Niliona nimesema jambo kubwa. Mama alifumba macho. Mzee alitikisa kichwa taratibu, kama fundi anayesikiliza injini, akatuaga.

Nilihesabu miezi. Sitasema sikujali, kwa sababu mtu asiyejali hahesabu. Mwezi wa sita ulipokaribia kwisha nilikuwa na hasira iliyotafuta pa kutua, na ilitua kwa Mchungaji wa Kale. Nilikwenda maktaba ya chuo, nikapata kitabu chenye barua zake alizowaandikia wakubwa wake ng'ambo, na orodha za madarasa yake. Nilikaa nacho wiki nzima. Nilikosa mihadhara. Nilitoa nakala za kurasa, nikazipiga mistari kwa kalamu nyekundu, na Jumamosi, darasa lilipokwisha na watu kuondoka, nikagonga mlango kama askari.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Nimemleta rafiki yako." Nikazitandaza karatasi kitandani, chini ya picha. "Huyu mtu alikuwa na hasira za karibu. Anawaita watu wavivu katika kila barua. Anaandika kurasa mbili kuhusu buti lake, na waliombeba mtoni hata jina hawana. Na kikapu hakipo, Mzee. Nimetafuta. Hakuna bibi, hakuna mahindi."

Alizichukua karatasi, akazisogeza karibu na dirisha. Alisoma zote. Mimi nilisimama nikingoja kwa furaha mbaya.

"Hapa kuna nini?" akauliza, kidole kikiwa kwenye orodha.

"Majina kumi na moja. Yote yamepigwa mstari."

"Na hapa?"

Ilikuwa orodha ya mwaka uliofuata. Niliipitia tena, ingawa niliijua. "Majina yale yale. Yamerudi."

"Anasema kwa nini?"

"Hasemi chochote."

"Basi mtu fulani alimwambia kitu," akasema Mzee. "Mtu wa hasira kama huyo hajiambii mwenyewe."

"Nani alikusimulia habari ya kikapu?"

"Nilisimuliwa."

"Na nani?"

"Ukiwa msomi utapata." Alikuwa anacheka kwa macho. Nami nikakasirika zaidi, nikamwambia kwamba daftari lake ni kipande tu, kama vile vipande ambavyo babu zetu walivishwa shingoni ili wakoloni wajue wako wapi.

Hapo hakucheka. Alifikiri. "Kipande kilikuwa shingoni mwako na ufunguo kwa mwingine," akasema. "Hili liko mezani. Penseli ile pale. Unataka kufuta?"

Niliiangalia penseli. Ilikuwa fupi, imetafunwa, imechongwa kwa ncha kali kama sindano, maana mwenyewe ni mnoaji. Daftari lilikuwa limefungwa. Ningeweza kwenda nikafungua, nikaona, nikafuta, yakaisha. Sikuenda.

"Umekaa maktaba siku ngapi?" akaniuliza.

"Wiki nzima."

"Kwa ajili ya karatasi hizi tu?"

"Kwa ajili ya ukweli."

"Haya, kunywa chai." Akazikunja karatasi zangu, akazitia ndani ya daftari. Nilikunywa ile chai. Ilikuwa sharubati.

Baada ya siku hiyo sikurudi darasani, lakini sikumkwepa tena. Nikimkuta mtaani na jiwe lake aliuliza, "Umeleta nini leo?" nami sikukosa. Kwa nini Mungu aandike kupitia watu wenye hasira. Kwa nini bibi wa kikapu hana jina. Kwa nini watu wa darasa wanasema nafsi zao ni njema huku nyuso zao zinasema vingine. Wakati mwingine alinipinga, mara nyingi aliniambia, "Hilo sijui, endelea kutafuta," na kisu cha mtu kikasubiri. Lakini kuhusu jina langu sikumuuliza. Miezi sita ilikuwa imepita, hesabu ilikuwa wazi. Mama naye alikuwa ameacha kulitaja.

Miaka saba ilikwenda hivyo. Kisha mdogo wangu akajifungua mtoto wa kike, akasema anayemtaka asimame na mtoto siku ya ubatizo ni mimi.

"Tafuta mtu wa kanisa," nikamwambia.

"Watu wa kanisa ninao wengi. Nataka mtu ambaye huyu mtoto akimuuliza swali hatamwambia anyamaze. Kama si wewe, basi hasimami mtu."

Mama alituangalia wote wawili, akaenda jikoni akaanza kuosha sufuria zilizokwisha oshwa. Kanisa lilihitaji fomu, na fomu ilihitaji sahihi ya kiongozi wa darasa kwamba jina la msimamizi limo katika daftari na halina mstari.

Nilikwenda mchana wa jua kali. Jiwe la kunolea lilikuwa limesimama nje ya mlango, taulo limeanikwa juu yake. Mzunguko ulikuwa umekwisha. Mzee alikuwa kitini, macho yameingia ukungu, uso ameugeuzia mlango.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Ni yule wa maktaba?"

"Ndiye."

"Umeleta nini leo?"

"Leo sina swali. Nina fomu."

"Hasara. Swali lingenifaa zaidi."

Nikamweleza. Nilikuwa nimejiandaa njiani, nikayasema kwa pumzi moja. "Najua ulishanikata, Mzee, na sina kinyongo. Niambie tu, ili mdogo wangu atafute mwingine."

"Nani amekwambia nimekukata?"

"Nimehesabu mwenyewe."

"Umeona daftari?"

"Sijaona."

"Msomi mzima," akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha kubwa, "unampiga Mchungaji wa Kale kalamu nyekundu kwa sababu hana ushahidi, halafu wewe unajihukumu bila kufungua kitabu."

Ilinichoma mahali pake.

"Nionyeshe basi," nikasema.

"Halisomwi nje ya darasa. Njoo Jumamosi. Leta kalamu."

Nikaishika fomu juu ya ubao wa meza, nikauongoza mkono wake mpaka penye mstari. Sahihi ilipanda mlima na kutoka nje ya karatasi. Kisha, kabla sijaikunja, akauliza kama alivyouliza wakati ule wa cheche.

"Nafsi yako i hali gani?"

Sikuwa na maziwa mkononi. "Haitulii, Mzee," nikasema. "Kila nikifika mahali naona pana mlango mwingine. Nachoka, lakini nikikaa chini naumwa zaidi."

Alitikisa kichwa. "Vizuri."

"Vizuri vipi?"

"Umejibu. Imechukua muda, lakini nadhani maziwa yale yamefika nyumbani."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Kisha nikafanya jambo ambalo sijui kwa nini sikulifanya mapema. "Na yako, Mzee? I hali gani?"

Aligeuza uso kuelekea sauti yangu. Kwa mara ya kwanza nilimwona mtu huyu akitafuta jibu. "Ina njaa kidogo," akasema mwishoni. "Na inafurahi kuulizwa. Weka maji ya chai." Nikaweka. Nikatia vijiko sita.

Jumamosi hiyo sikwenda. Niliogopa. Siku ya ubatizo nilisimama kanisani na mtoto mikononi, Mama akiwa benchi la mbele na ile leso yake nzuri, na nilijibu maswali ya mchungaji kwa sauti iliyosikika. Lakini ndani yangu niliamini jambo moja: kwamba mzee aliyejiandikia U mbele ya watu wote, aliyemkata shemeji yake, alikuwa ametia sahihi ya uongo kwa ajili yangu. Nilimpenda kwa hilo, na lilinisumbua.

Alikufa mwaka uliofuata, mwisho wa mvua. Mazishini tuliimba vibaya kwa makusudi, Fundi akiongoza. Fundi ndiye kiongozi wa darasa sasa. Muda mrefu baadaye aliniita Gikomba, akasogeza rundo la sare, akatoa mfuko wa madaftari ya zamani. "Wewe si ni mtu wa maktaba? Yapange. Na usiniambie halisomwi nje ya darasa. Darasa ni mimi, nami nimekupa."

Nilifungua palepale, kando ya cherehani. Jina langu lilikuwamo, safi, bila mstari. Mbele yake nilihesabu U ishirini na nne, zilizoandikwa kwa penseli yenye ncha ya sindano. Miezi sita ni Jumamosi ishirini na sita; zilibaki mbili nikatwe. Ya ishirini na tano si U. Hapo ndipo karatasi zangu zenye wino mwekundu zilipokuwa zimekunjwa, na Jumamosi hiyo ameandika K. Inayofuata ni K. Ni K kila Jumamosi miaka yote saba na zaidi, mpaka ukurasa ambao herufi zinapanda mlima na kutoka nje ya mstari.